Kiti cha Vijana, Magongo

Nyamvula alikuwa mtu wa kushona na kunyamaza. Miaka minne alikuwa mwanachama wa ushirika wa washona turubai pale Magongo, kando ya barabara malori yanapoegeshwa, na wengi walimjua kwa mgongo wake tu, kwa jinsi anavyoinama. Ana miaka ishirini na mitatu. Hutoka kwa mamake Mikindani alfajiri, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, akakaa, na hasikiki tena mpaka jioni. Watu wakadhani ni mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa akimeza.

Kilichomkaa kooni ni chai.

Ushirika ule haukuanza na ofisi. Waanzilishi walifanya mikutano juu ya turubai lolote lililokuwa likishonwa siku hiyo, wakaweka kanuni: kura ni ya aliyekaa juu ya turubai, aliye nje hahesabiwi. Ilikuwa kanuni nzuri, ya kuwazuia wapita njia wasijiingize. Lakini kila mkutano, jambo likifika pa kuamuliwa, mwenyekiti Kioko alipiga makofi mawili: "Vijana, chai!" Na vijana tisa, wanachama kamili kama wengine, wakainuka na birika kwenda kwa muuza chai ng'ambo ya barabara. Wakirudi, jambo limekwisha. Katika daftari Bi Rosalia, katibu, keshaandika: wote wamekubali.

Mwaka huu ikaja barua. Vijana wa vyama vya ushirika kutoka nchi nyingi wangekutana, na Magongo imepewa nafasi moja. Nyamvula ndiye aliyeitafuta. Mwaka mzima alikuwa kwenye kundi la simu pamoja na wasusi wa Kampala, wafuga nyuki wa Tabora, vijana wa Ufilipino wanaoshona nyavu. Huko alijua kwamba kuna vyama ambavyo vijana wana viti vyao kwenye kamati, na hakuna mkubwa anayevikalia. Alitaka kuyaona hayo kwa macho yake, arudi nayo. Barua ilisema wazi: mjumbe asizidi miaka thelathini na mitano, achaguliwe na vijana wenyewe, na jina lifike kabla ya saa saba mchana Jumamosi, kwenye karatasi yenye muhuri wa chama.

Jumamosi hiyo, saa tano, wakakaa juu ya turubai la Ngala, dereva wa lori la Malaba. Viraka vilikuwa vimekwisha, limebaki pindo. Kioko akasoma barua, akaruka mistari, akakohoa.

"Mjumbe wa vijana tunaye. Ni Chrispine."

Chrispine ni mdogo wake Kioko. Ana miaka arubaini na minne, na binti yake wa kwanza keshaolewa.

"Wallahi kijana huyu ana kipara," Nadira akamnong'oneza Nyamvula. "Ujana umemkimbia na nywele zake."

"Vijana, chai!"

Nadira alikuwa ameapa jana kwamba leo hainuki. Mkono wake ukashika birika kabla kichwa hakijakumbuka. Wakaenda wanane. Nyamvula akabaki amekaa.

"Nyamvula!"

"Abee."

"Hukusikia?"

"Nimesikia, mwenyekiti. Sitoki."

Bi Rosalia akaweka kalamu chini. "Mtoto wa kike, adabu. Wenzako wamekwenda."

"Adabu nimekuja nayo asubuhi, Bi Rosalia. Nimewaamkia nyote. Hili ninalolikataa ni lingine."

Mikono ikanyanyuliwa. Ishirini na mmoja kwa Chrispine. Aliyekataa mmoja. Kioko akacheka, akamrushia karatasi. "Haya andika, wewe ndiye mwenye mwandiko. Mwaka wa kuzaliwa tia tisini na sita."

"Nani kazaliwa tisini na sita?"

"Chrispine."

"Mwaka huo Chrispine alikuwa keshaota ndevu."

Hata wakubwa wakacheka. Chrispine hakucheka. "Unanichezea, wewe?"

Wale wanane wakawa wanavuka barabara, Nadira mbele na birika linalofuka mvuke. Na Nyamvula, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, akapiga ukelele malori yakanyamaza, au ndivyo ilivyoonekana.

"Mmechaguliwa mzee! Nyinyi mnabeba vikombe, huku mnachaguliwa mzee, na mwaka wake wa kuzaliwa wanataka niudanganye mimi!"

Nadira akasimama. Akalitazama birika lile kama aliyeshikishwa kitu cha wizi. Akalitua mchangani, nje ya turubai, akavua ndara, akaja akakaa katikati. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

"Kura imefungwa," Kioko akasema. "Inukeni, kazi ya watu inangoja."

"Ya kwenu imefungwa," Nadira akamjibu. "Ya vijana haijapigwa. Nani anamtaka Nyamvula?" Mikono minane. Nyamvula mwenyewe alimpigia Nadira kura.

"Sitii muhuri!"

"Basi hatuinuki."

Wakubwa wakashika ncha za turubai, wakavuta. Watu tisa ni wazito. Saa sita ikapita, ikawa sita na nusu. Bi Rosalia alijipepea na daftari, hakuandika chochote. Ndipo Ngala akashuka kwenye lori, mawingu yametanda juu ya Changamwe.

"Mwenyekiti, turubai langu! Nimebeba sukari, wewe!"

"Waambie hawa watovu wa adabu."

"Wanataka nini?"

"Muhuri," wakasema tisa kwa pamoja.

"Muhuri tu? Mpe, bwana! Mvua ikiilowesha sukari hii utapanda wewe mwenyewe mpaka Malaba ukaeleze."

Kioko akautoa mfukoni. Nyamvula akaandika jina lake kwenye karatasi, naye Kioko akaupiga kwa nguvu hata ikatoboka pembeni.

"Umenivunjia heshima mbele ya mteja," akamwambia Nyamvula. "Ukifika huko kwa watu, jina langu usilitie kinywani."

"Nitalitia. Nitasema la nani, na alifanya nini."

Akaipiga picha ile karatasi, akaituma. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Hakushangilia. Vijana wakainuka, naye akachukua sindano amalize pindo, lakini hasira ilikuwa bado mikononi; mshono ukaenda mshazari. Akaufumua, akaanza tena, Ngala akipiga honi.