Bomba Chini ya Kokoto

Kwenye ule mradi wa ghorofa nane, mafundi walimwita Mama Vumbi, maana haikupita siku bila yeye kupiga kelele: mwagieni maji hiyo njia, funikeni mchanga, vaeni barakoa. Alikuwa msimamizi wa mazingira. Ujanani alibeba zege kichwani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia hajui kazi. Wakimtania huwajibu, "Chekeni tu, baba zangu. Mapafu hayauzwi dukani."

Jumatatu moja asubuhi alipitia kwa mdogo wake, dobi aliyeishi bondeni karibu na kijito. Alimkuta kizingitini, mikono kailaza mapajani kama si yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka, kwingine nyama nyekundu inachungulia.

"Umeungua na nini?"

"Sijaungua, dada. Nimefua tu. Ila maji siku hizi yana weupeweupe, nikadhani ni sabuni ya watu wa huko juu."

Weupe ule Mama Vumbi aliujua: maji ya saruji, yanayokula ngozi polepole, mtu hashtuki mpaka imeshaliwa. Na kijito kilipita nyuma ya mradi wake. Aliyetia sahihi kila mwezi kwamba maji yako salama alikuwa yeye, si mwingine.

Alipanda kilima kwa hasira. Kibali cha ujenzi kilisema wazi: magari ya zege yaoshewe kwenye shimo la kutulizia, tope likae chini, maji yapimwe ndipo yaachiwe. Wiki nzima magari yalioshwa, na shimo halikujaa hata siku moja. Alikuwa ameliona hilo, akajiambia ni jua kali. Jua! Alijitukana njia nzima.

Akachukua sepetu, akafukua kokoto za ukingoni. Hata jasho halijamtoka, sepetu ikagonga bomba jeusi, nene kama paja, limeelekea kijitoni.

Injinia alikuja mbio. "Mama, hayo tuyazungumze ofisini. Mkaguzi yuko getini."

"Mdogo wangu hana ngozi ya vidole."

"Shimo likijaa tunasimama nusu siku, na zege halisubiri. Wewe ni mtu wa kazi, unaelewa."

"Naelewa. Na wewe ulielewa, ndiyo maana ukalifukia."

Mkaguzi alilitazama shimo kwa mbali, akatia alama za vema kwenye fomu. Alipoonyeshwa bomba, akakohoa. "Fomu hii haina sehemu ya bomba."

"Lete nikuonyeshe sehemu."

Akampokonya kalamu, akaandika kwa herufi kubwa juu ya vema zote: BOMBA LA SIRI. MAJI YA SARUJI YANAINGIA KIJITONI. Akatia sahihi. Fomu zile zilikuwa na namba. Kuipoteza moja ni kujitafutia maswali. Mkaguzi akaikunja, uso umemshuka.

Mradi ulifungwa siku kumi na moja. Mafundi wakampa mgongo. Fundi chuma alimwambia usoni, "Umetumwagia unga wetu, mama." Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Shuka bondeni ukaone mikono," alimjibu, "halafu urudi uniseme."

Fundi chuma alishuka. Mradi ulipofunguliwa, ndiye aliyekoroga zege la kuziba bomba, akalishindilia kwa ngumi zenye glavu.

Injinia hakufukuzwa. Alihamishiwa mradi mwingine, mkubwa zaidi, akaagwa kwa soda na makofi. Mama Vumbi alikaa nyuma, mikono kaifumbata.

"Nifikishie pole kwa mdogo wako," injinia alimwambia mlangoni.

"Nyumba yake haina geti. Kaipeleke mwenyewe."

Wiki ileile aliiandikia ofisi ya mazingira, akitaka kujua nani atakagua shimo la huo mradi mpya. Hawakujibu. Akaandika ya pili, akaipeleka kwa mkono, akavuta kiti mbele ya meza ya karani na kukaa. "Sina haraka," akamwambia. "Isome sasa hivi, nakusikiliza."