Mama Mkwe Kwenye Lufira

Symphorien alikuwa mtu wa zamu. Tangu ujana wake alifanya kazi katika kiwanda cha shaba cha Shituru, wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku, wala hakulalamika. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Likasi, mji ukiitwa bado Jadotville. Nchi ilipogeuka Zaire na majina ya Kizungu kukatazwa, kwenye kadi ya kazi waliandika Tshibangu, lakini nyumbani alibaki Symphorien.

Furaha yake ilikuwa moja tu, kuvua samaki. Mvua za kwanza zikinyesha, mto Lufira hupanda na maji kuwa mekundu, na usiku kambare hutoka kilindini kuja kula pembeni, kwenye matete. Hali hiyo haidumu. Symphorien aliingojea mwaka mzima.

Mwaka ule, mvua ilimkuta na mgeni. Mama Emérance, mama mzazi wa mkewe Albertine, alikuwa amekuja kwa treni kutoka Kasai kuwasalimia wajukuu kidogo, na kile kidogo kilikuwa hakijaisha. Ugumu wenyewe ulikuwa buko. Kwa watu wao, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mke. Kwa hiyo Symphorien alikula nyuma ya nyumba, akaingia kwake kwa mlango wa jikoni, akakohoa kabla ya kupita uani. Mtu mzima, nyumbani mwake!

Jumamosi alipoanza kukunja mshipi wake wa kuvulia, akasikia sauti kutoka sebuleni.

"Albertine, uambie bwana yako, leo nitaenda naye. Kwetu minye nilikuwa muntu ya mutoni."

"Mama Léon," Symphorien akamwambia mkewe, taratibu, kana kwamba ana jipu kinywani, "uambie mama, kule kuko mbu mingi."

"Anasema mbu wanamujua," Albertine akajibu.

Basi wakaenda wote watatu, kwa lori la jirani yao Camille, aliyekuwa akifuata makaa ng'ambo ya bwawa la Koni na kurudi alfajiri. Mama Emérance alikaa mbele na dereva. Symphorien na Albertine walipanda juu, kwenye magunia matupu, na mvua ikawanyeshea njia nzima.

Mtoni Symphorien alijitenga. Aliwaachia wanawake taa mahali pakavu, naye akaenda nyuma ya matete, akavua suruali isilowe, akaitundika kwenye mti. Chambo chake kilikuwa sabuni ya kufulia, maana kambare wa Lufira huipenda kuliko nyama. Akapapasa mfukoni mwa shati. Hakuna sabuni. Aliisahau kwenye kikapu.

"Mama Léon! Uniletee sabuni!"

Sauti ya Albertine ikaja, ndogo sana. "Mama alinawa nayo miguu."

"Yote?"

"Alifua na kitenge yake pia. Ilikuwa na matope."

Symphorien aliuma meno. Angekuwa mtu mwingine, angemwambia maneno ya kiwandani. Lakini mama mkwe! Alipokea kipande kilichobaki, chembamba kama ukucha, akakitunga kwenye ndoana. Upande wa pili wa matete, Mama Emérance alianza rozari kwa sauti ya kusikika mpaka Mwadingusha, na kila baada ya fumbo moja alisimama kueleza kwamba mto wa kwao una samaki wanaojileta wenyewe.

"Albertine, uambie mama, kwa heshima yote, samaki wanasikia."

"Uambie bwana yako, wasikie tu. Sala haimuumize muntu."

Symphorien akachoka, akatupa mshipi majini. Na ndipo mshipi ukavutwa, kwa nguvu, kama mtu ameukamata kwa chini. Symphorien aliuzungusha mkononi, akakaza miguu, lakini ukingo ulikuwa umeloa mvua. Ukameguka. Akashuka nao majini mpaka kifuani, mkono mmoja kwenye matete, mwingine ukivutwa na samaki.

"Albertine! Albertine, nakufa!"

Albertine alikuwa amelala usingizi kando ya kikapu. Aliyekuja mbio, taa juu, alikuwa Mama Emérance. Alimwona mkwe wake katika chupi, matope mpaka shingoni. Hakugeuza uso. Aliweka taa chini, akapiga magoti, akamshika mkono, akavuta huku akiguna kama mwanamume, mpaka mtu na samaki wakatoka pamoja, samaki wa urefu wa mkono mzima.

Hapo ndipo alipofunika uso kwa kitenge na kupiga kelele.

"Maweja, Mungu wangu wee! Nimekamata mukono ya mukwe! Nimemuona bila suruali!"

Symphorien hakujua ashukuru au akimbie. Akajificha nyuma ya mti. Huko akaivaa suruali yake, hasira bado ikimwaka.

Asubuhi, nyumbani, hukumu ya mama mkwe ikamfikia kupitia Albertine. Aibu ile lazima ifutwe kwa mbuzi. Kabla ya mbuzi, mama hawezi kusafiri. Na mama alikuwa amepanga kurudi Kasai juma lile lile!

Mbuzi akapatikana baada ya Noeli, kwa binamu mmoja wa Kambove, na Symphorien alimleta mwenyewe akimburuta kwa kamba. Mama Emérance akampokea mbele ya wazee wa familia, akampa mkwe wake mkono, akamtazama usoni. Buko ikawa imeisha kati yao. Watu walipiga makofi, na Symphorien, bila kutaka, machozi yakamlenga, maana aliukumbuka mkono ule ukimvuta.

Jioni, Symphorien akiwa ameketi mezani kwake kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike, Mama Emérance akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Symphorien, mutoto yangu," akasema, "sasa tunaweza kusemezana minye na weye. Iko mambo mingi mu hii nyumba nilikuwa nataka kukuambia."

Akaanza. Treni yake ilikuwa ya mwezi uliofuata.