Kitanzi na Seng'enge ya Kisaju

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapokusikia ukibishana na wenzako kwenye simu kuhusu nani anyongwe na nani aachwe. Ilikuwa Kisaju, nyumbani kwa baba yangu mdogo, na yeye mwenyewe hakuwepo. Tulikuwa tumemzika.

Aliuawa na jirani yake, Tipape, mtu aliyekunywa chai kwetu tangu mimi nikiwa mtoto. Tipape alipoanza kuuza ardhi yake vipande vipande, alikizungushia seng'enge kipande alichobakiwa nacho, na seng'enge hiyo ikakata njia ambayo ng'ombe wetu walipitia kwenda kwenye maji. Yeye na baba mdogo walizozana pale pale kwenye nguzo za seng'enge. Tipape alikuwa na panga mkononi. Hayo yanatosha.

Mahakama ya Kajiado ilimpata na hatia. Kabla ya kutoa hukumu, jaji alitaka kusikia familia ya marehemu ina maoni gani. Sheria yetu ingali na kitanzi, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyenyongwa. Basi tukakutana kuamua tutasema nini. Kwetu anayeshika rungu ndiye mwenye zamu ya kusema, na wengine hunyamaza mpaka alitue.

Sankale, kifungua mimba wa marehemu, ana duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Huuza hata seng'enge. Yeye hakukaa na rungu sana.

"Anyongwe," alisema. "Kama serikali haiko na kamba, dukani kwangu iko."

Mchungaji wetu akasema tusamehe. Alisema vizuri, kama mtu ambaye hajafiwa. Kisha rungu likamfikia Mzee Abdi, aliyekuja kutupa pole kwa sababu alinunua mbuzi kwa baba mdogo miaka mingi.

"Kwetu sisi Waislamu," alisema, "wenye marehemu ndio wako na haki ya kudai, na ndio wako na haki ya kusamehe. Mimi mnunuzi wa mbuzi siwezi kuwasukuma upande wowote." Akalitua rungu upesi, kama lililotoka motoni.

Nikaliokota mimi. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili, na mtu wa hali hiyo hapaswi kupewa rungu. Nilianza na adhabu ya kifo enzi za wafalme wa kale. Nikataja nchi zilizoifuta. Nikathibitisha kwamba kitanzi hakizuii uhalifu, halafu, ili nionekane mtu wa haki, nikaeleza hoja za wanaosema kinazuia. Chai ikapoa. Ng'ombe mmoja alikohoa nje, nikadhani ananiunga mkono.

Mama Sankale, mjane wa marehemu, akanyoosha mkono. Nikampa rungu.

"Asante, msomi. Niko na swali moja tu. Hao watu wa nchi ulizotaja, kuna mmoja atakuja kunisaidia kupeleka ng'ombe maji kesho?"

"Hakuna, mama."

"Basi waache wapumzike. Wametoka mbali."

Watu walicheka, hata Sankale. Kisha mama yake akamgeukia.

"Wewe unataka kamba. Kaseme hivyo kortini, alikuwa baba yako, sikuzuii. Lakini usiseme ni mimi nimeitaka."

"Yeyo, kwani umemsamehe?" Yeyo ni mama, kwa Kimaa.

"Nani amesema nimesamehe? Mchungaji ndiye amesamehe."

Wazee walinung'unika kwamba ni aibu familia moja kwenda mbele ya jaji na midomo miwili. Mama Sankale aliliweka rungu magotini, akalifunika kwa shuka yake, akakaa. Bila rungu, hakuna aliyeweza kuendelea. Mwishowe wakakubali kila mmoja akaseme lake.

Kortini Sankale aliomba Tipape anyongwe. Mama yake akasimama baada yake.

"Mheshimiwa, mtoto wangu amesema yake. Mimi, mkimnyonga nitabaki mjane, msipomnyonga nitabaki mjane. Lakini ile seng'enge bado iko. Ng'ombe wanazunguka mbali, na ni mimi nazunguka nao."

Jaji alieleza kwa upole kwamba kesi ya seng'enge haikuwa mbele yake. Akampa Tipape kifungo cha miaka mingi. Sankale alitoka akisema ni michache. Mke wa Tipape alikuwa ameketi mwisho wa benchi letu, akiyasikia yote.

Kesho yake asubuhi mwanamke huyo aling'oa nguzo za ile seng'enge kwa mikono yake. Mama Sankale alisimama na ng'ombe wake akingoja amalize. Hawakusalimiana, na mpaka leo hawasalimiani. Ng'ombe wanapita.

Mwanangu, sikukatazi kuwa na maoni. Mimi bado nakipinga kitanzi, Sankale bado anakitaka, na tukikutana Kitengela tunakula nyama sinia moja na kugombania mbavu. Ninachokusihi ni kwamba usimwambie mfiwa asamehe, wala usimwambie alipize, na usiuchukue msiba wake ukautumia kushinda ubishi wako. Muulize kesho anaamkia kazi gani, kisha uende naye.

Mungu akuepushe na swali aliloulizwa Sankale, la aliyemuua baba yake afanywe nini. Na kama siku moja utaulizwa, akujalie mtu wa kukunyamazia mpaka umalize, na wa kukuachia wazi njia yako ya maji.