Ufunguo wa Fundi Pazia

Dada yangu anaishi katikati ya watu wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ni mpweke kuliko wote. Ukimwambia hivyo usoni, atakufokea. Mimi ni mdogo wake, ninaishi mbali, na tunaongea kwa simu kila siku. Haya ninayoyasema nimeyasikia kwa mdomo wake mwenyewe, na pale alipotia chumvi nimepunguza.

Watu wanamwita Fundi Pazia. Yeye na marehemu shemeji walijenga pale wakati mtaa ule ulikuwa pembezoni mwa mji, nyumba chache na nyasi za kufika magotini, watu wa mjini wakiwacheka kwamba wamehamia porini. Dada aliweka cherehani yake chini ya dirisha la mbele, na hakuna nyumba pale ambayo hakuishonea mapazia. Kwa kuwa alikuwa anaingia kila nyumba kupima na kutundika, akageuka mtunza funguo wa mtaa. Ukisafiri, ufunguo kwa Fundi Pazia. Ukimsubiri fundi bomba na wewe uko kazini, ufunguo kwa Fundi Pazia. Alizitundika kwenye misumari jikoni, kila mmoja ukiwa umefungwa kipande cha pazia la nyumba yake, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza upi ni wa nani.

Halafu mji ukawafuata. Jirani mmoja akauza, mwingine akauza, mwingine akafa na wanawe wakauza hata matanga hayajaisha vizuri. Palipokuwa na nyumba moja sasa pana ghorofa, na kila mlango una familia yake. Watu wametoka kila pembe. Ghorofa ya kushoto wanasali Ijumaa, ya kulia Jumapili, na ya mbele dada hajui wanasali lini. Asubuhi lugha zinapishana kwenye ngazi, na anachoambulia yeye ni watoto wanapolilia pipi. Si watu wabaya hata kidogo, wanamsalimia vizuri. Ila wanahama kabla hajawazoea, na madirishani wanatundika shuka. Pazia la kushona nani analitaka siku hizi?

Zile funguo zikabaki ukutani. Milango yake ilishavunjwa zamani, na katika wote waliohama, hakuna aliyerudi kuuchukua wake. Nikamwambia, dada, tupa hizo takataka. Akanikatia simu.

Basi mwaka huu akateleza bafuni. Hakuvunjika, ila alikaa sakafuni asubuhi nzima, miguu imegoma. Upande wa pili wa ukuta alisikia watu wakipita, wakicheka, wakiburuta mitungi ya gesi. Aliita mpaka sauti ikakauka. Redio zilikuwa juu. Alipofanikiwa kusimama aliniapisha nisimwambie binti yake, nami nikamwambia siku ileile, na sijutii.

Binti akaja amefura. Akazunguka nyumba nzima, akasimama jikoni mbele ya ile misumari.

"Mama," akasema, "na ufunguo wako anao nani?"

 Dada alishika funguo za mtaa mzima, na wa kwake haukuwahi kushikwa na mtu. Binti akaona pa kumbania. Jumamosi angerudi na gari. Kama hajapatikana mtu mmoja wa kushika ufunguo na kumwangalia, mama anahamia kwake na nyumba inauzwa.

Dada akachonga ufunguo wa pili, akapiga moyo konde, akatoka kugonga milango. Wacha wee. Mtaa ule watu wanatafuta vyumba kama dawa, sasa wakimwona bibi mwenye nyumba anatembea na ufunguo mkononi unadhani wataelewa nini? Wa kwanza akauliza kama chumba kina choo ndani. Wa pili akamwita mkewe waje wakione. Kufika jioni kulikuwa na mstari getini kwake, kila mtu na lugha yake, na alipowaambia hakuna chumba waliondoka wamenuna. Aliniambia hajawahi kupata wageni wengi hivyo tangu msiba wa shemeji.

Alibaki mama mmoja tu, mwenye aproni ya bluu, mfanya usafi wa zahanati, mgeni ambaye Kiswahili chake ni salamu na asante. Dada akamweleza kwa mikono. Akalionyesha dirisha la mbele, akalifungua: asubuhi. Akalifunga, akajilaza kwenye kochi akafumba macho, kisha akainuka akazungusha ufunguo hewani: siku likibaki limefungwa, aingie. Yule mama akautazama ufunguo, akautia mfukoni, akaenda zake.

Dada akakaa roho juu, akiwa na hakika kwamba huyo naye atakuja na godoro lake. Lakini siku zilizofuata mama wa watu alipita kwenda kazini wala hakuinua macho.

"Nimempa ufunguo mtu asiyejua hata mimi ni nani," akaniambia.

Ijumaa alifungasha. Akazitoa zile funguo za zamani kwenye misumari, akazitia kwenye kopo, akakaa kitandani. Kulipokucha Jumamosi hakulifungua dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu ajenge pale aliona hakuna haja. Amfungulie nani? Akabaki gizani na kopo mapajani, akisubiri gari.

Kitasa kikazunguka. Mlangoni alisimama yule mama, aproni imefungwa upande, anahema.

"Dirisha," akasema.

Dada alilia, na dada yangu si mtu wa kulia. Kisha akachukua mkasi, akakata pindo la pazia lake mwenyewe, akalifunga kwenye ule ufunguo na kumrudishia yule mama. Gari la binti liliondoka tupu, na binti hajaacha kununa.

Mimi nina mdomo, nikamuuliza dada: na huyo naye akihama? Maana pale wote huhama. 

"Atahama," akasema. "Ila huyo atagonga kwanza anirudishie."