Safari Isiyoagwa

Mwanangu, ile asubuhi Bi Tatu aliponigongea mlango hapa Mbagala naikumbuka vizuri. Hata salamu hakutoa. Alisema tu, "Bibi, Mwanaidi kafunga begi."

Mwanaidi ni binti yake. Aliachika, akarudi kwao na mtoto mchanga, na wanawake wa bombani wakampokea kwa maneno. "Kaonjwa, karudishwa!" Na vicheko juu. Binti akawa hatoki ndani. Mwenzie ikawa simu, na humo simuni mna mwanamke anajiita dada, hajapata kumwona kwa macho. Dada huyo ndiye peke yake aliyekuwa akimuuliza ameamkaje.

Kisha binti akabadilika. Chakula cha Mama Neema, jirani yetu Mkristo wa kutoka bara, akawa hakigusi, na zamani walikuwa wakila sinia moja. Shikamoo akatunyima. Akamwita mama yake mzazi kafiri, eti kwa sababu mama anakwenda maulidi. Nikwambie, mwanangu, kuswali sana si ugonjwa na baibui refu si kosa. Mie mwenyewe naswali. Lakini mtu aache kumwamkia mama yake kwa ajili ya dini, dini hiyo kafundishwa na nani?

Sasa begi. Bi Tatu alimsikia akiongea na simu: dada kamtafutia mume, mpiganaji, huko nje ya mpaka. Ijumaa aondoke na mtoto, asimuage mtu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu safari njema huagwa, mtu akaombewa dua. Anayekukataza kumuaga mama yako anajua kuwa hurudi.

"Twende kwa mjumbe wa nyumba kumi," nikasema.

"Wee Bibi! Mtaa ukijua nimekwisha. Na polisi je?"

Nikamkumbusha yaliyotukuta kwetu Kimbiji. Nilikuwa kigori, dada yangu ana mimba, miguu imemvimba, anamficha mkunga kwa haya. Bibi yule mkunga akampandisha kanga mbele yetu sote. "Mficha uchi hazai! Haya zako zitakuzika wewe na mwanao." Dada yangu alijifungua salama, lakini kwanza alikemewa. "Na wewe," nikamwambia Bi Tatu, "jitande ushungi twende."

Mjumbe akatupeleka ofisi ya kata, kwa afisa ustawi wa jamii. Msichana mdogo, msalaba shingoni. Bi Tatu akaninong'oneza, "Huyu atajua nini cha dini yetu?" Yule afisa wala hakuanza na dini. Aliuliza, "Mtoto akilia usiku, nani anampokea?"

Hakukuwa na mtu.

Mchana ule ule afisa akaja kwa miguu na ustadha, mwalimu wa kike wa madrasa yetu. Mwanaidi akasimama mlangoni. "Mmeniletea polisi?"

"Nimekuja kukupokea mtoto, ulale kidogo," afisa akamjibu.

"Nani kakwambia silali?"

"Macho yako, dada."

Akamtoa mtoto. Akalala mpaka alasiri, na ustadha akamngoja. Mazungumzo ya dini yalifuata baadaye, taratibu, bila kumkejeli. Ijumaa ilipita yeye yuko uani anafua nepi. Namba ya yule dada aliipeleka polisi mwenyewe, afisa kakaa pembeni yake. Siku hizi anajifunza cherehani. Siku nyingine bado ananuna. Mtu si taa, uibonyeze iwake.

Basi sikiliza. Ukimwona mwenzio kajitenga, anawakana waliomlea, usimsute. Kaa naye. Likikuzidi, mpelekee mjumbe, ustawi, mwalimu, shehe au mchungaji, na upeleke mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala usimzushie mtu kwa ndevu au ushungi wake, hiyo nayo ni dhambi. Na ulimi wako uutie lijamu, maana aliyefukuzwa kwa maneno huokotwa kwa maneno.

Mungu akukuze, akupe watu wa kukuuliza umeamkaje, na akuepushe na pendo linalotaka umfiche mama yako. Amina.