Nusu ya Mdudu

Mwaka ule hoteli nilikokuwa nikipika ilifunga vyumba vingi, nikarudishwa nyumbani. Mke wangu aliendelea na kazi ya kufua mashuka katika hoteli nyingine ya Diani, akawa anaondoka alfajiri. Mimi nikabaki Ukunda na binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa.

Asubuhi moja, baada ya mvua kunyesha usiku kucha, nilimweka kwenye mkeka barazani nikaingia ndani kumpozea uji. Niliporudi nilimkuta chini ya taa ya baraza, niliyosahau kuizima tangu usiku, anatafuna.

Nilimtia kidole kinywani. Nikatoa kichwa cha mdudu na bawa moja. Sakafuni walikuwapo wenzake, wa rangi ya kahawia, wenye manyoya, wanene kama kidole changu cha mwisho, wanajikokota. Sikuwajua. Yule wa kinywani, tumbo lake sikuliona popote.

Jirani yangu, mama mmoja aliyehamia kutoka bara, alichungulia juu ya ua akashika kichwa. "Woi! Hiyo ni nyigu, baba! Iko na sumu!"

Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimtia mdudu mmoja mzima kwenye kikopo, nikasimamisha bodaboda. Njia nzima hadi zahanati ya karibu na Kona ya Musa nilimwekea mwanangu kiganja kifuani. Simu nilikuwa nayo mfukoni, lakini mama yake sikumpigia. Ningemwambia nini?

Daktari, mwanamke wa makamo, alimtazama koo, akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Kisha akafungua kikopo.

"Huyu ni siafu."

Nilikiinamia kikopo. "Siafu ana mabawa?"

"Dume lake. Kila mvua zikianza naletewa. Wale wanaopita kwa msafara wakakuuma ni majike, ila hawazai. Anayezaa ni malkia, na malkia wao hana mabawa wala haoni. Dume ndiye anayeruka kumtafuta. Huyu alipotezwa na taa yako."

"Na sumu?"

"Hana. Hata mwiba hana, mwiba wanao majike." Akakitikisa kikopo kidogo. "Yai ambalo malkia hakulitia mbegu ndilo linalotoa dume. Kwa hivyo huyu hana baba."

Nadhani alitaka nicheke. Nilimwuliza dume humfikiaje malkia aliyejificha chini ya ardhi.

"Akiukuta msafara, wafanyakazi humkata mabawa wakamburura mpaka kwake. Akishampanda, kazi yake imekwisha. Hufa."

"Basi msafara wenyewe uko karibu na kwangu?"

"Huenda. Au ametoka mbali, si ana mabawa?" Akanirudishia mtoto. "Mimi siogopi sumu, baba. Naogopa isiwe kipande kimeingia njia ya hewa. Kaeni hapa tumwangalie."

Tukakaa kwenye benchi. Mtoto akikohoa kidogo, nasimama. Akinyamaza, nasimama pia. Mwishowe nilimpigia mke wangu, akaja na sare yake, mikono ikinuka dawa ya kufulia.

"Amekula nini?"

"Siafu. Dume."

Alinitazama kana kwamba anangoja nimalize sentensi. Kisha akamchukua mtoto, akampa ziwa. Alinyonya bila taabu, akipumua vizuri kwa pua, na daktari aliyekuwa amesimama mlangoni akasema tunaweza kwenda.

Tulipofika nyumbani nilifagia baraza mara mbili, nikamwaga majivu kuzunguka nyumba. Nikauzunguka ua nikiinua makuti na mawe, nikitafuta msafara. Sikuuona, wala sikutulia kwa kutouona. Nikaingia ndani. Mwanangu alikuwa amelala kifuani pa mama yake, nami nikamwekea kidole chini ya pua.

"Mwache mtoto apumue," mke wangu akasema.

Nilikiondoa. Baada ya kitambo nikakirudisha.