Kipara cha Mkononi

Kinyozi wetu hujaribu kila wembe kwenye mkono wake wa kushoto kabla haujagusa shavu la mtu, hata pamefanya kipara. Siku hizi anasifia mashine za plastiki, nyembe tano kichwa kimoja, kikiisha makali unatupa.

"Zinateleza kama kambale, mzee mwenzangu."

"Plastiki kanyolee wajukuu. Mimi nipe chuma."

Akafungua mashine ya zamani, akatia wembe, akakaza. Hapo nikaona kipara kimeota nywele. Akajaribu, mkono wa kulia ukatetemeka, damu ikachuruzika. Akaifuta, akainamia koo langu. Chuma kilipogusa povu, nikamshika kiganja.

"Hebu mlete huyo kambale wako," nikasema.